Dakika Tatu

Chumba kiko juu ya duka la dawa, Langoni.
Viti kumi na viwili vya plastiki, ubao mweupe,
feni moja inayozunguka umeme ukitaka.
Mwalimu Kadzo, aliyekuja kwa basi la Malindi,
ameandika kwa kalamu ya kijani: WIKI YA TATU. KUSIKILIZA.
Na chini yake: Mshauri si hakimu.
Mshauri si shahidi. Mshauri si mama mkwe.
Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Mimi ni somo. Mji mzima wanijua.
Wari arobaini na sita nimewatia nyumbani kwa waume zao,
nimewafunza kufukiza nguo, kukanda mgongo,
kulitambua jicho litakalo chai na jicho litakalo kuachwa.
Nani alimdai somo cheti?
Ada kalipa mjukuu. Kasema, bibi,
mambo siku hizi yanaandikwa.

Karatasi zimo ndani ya kopo la biskuti.
Nikachomoa: MSHAURI.
Athman Lali akachomoa: MKE.
Hapo hata Mwalimu alifunika mdomo,
maana Athman ana ndevu, na miaka thelathini
alisoma mita za maji za mji huu;
anaijua nyumba ambayo bomba hufunguliwa saa nane usiku
ili mtu alie asisikike.

Aliazima leso, akajitanda. Yeye hakucheka.

Dakika tatu, akasema Mwalimu.
Mshauri hashauri. Haulizi "kwa nini".
Hakohoi kile kikohozi chetu
cha "nimekwisha kukuelewa".

"Hanipigi," Athman akaanza,
kwa sauti ile ile ya kutaja namba za mita.
"Watu huuliza hilo kwanza. Hanipigi.
Hula, hunawa, huingia kwenye simu.
Miezi saba sijaitwa jina langu.
Huniita kwa kugonga meza,
na mimi na paka sote tunageuka."

Feni ilisimama.

"Nilikwenda kwa somo wangu. Nilimpelekea visheti.
Alivipokea, akaniambia:
funika kombe, mwanaharamu apite.
Nikafunika.
Nimefunika hata sijui tena
ndani ya kombe mna nini."

Methali zangu zilipanga foleni nyuma ya meno.
Wagombanapo ndugu, shika jembe ukalime.
Mvumilivu hula mbivu.
Kila moja ilinisukuma: niache mimi nitangulie.
Nikaziuma.
Chini, mtu alikuwa akibishana bei ya dawa ya macho.
Ukimya nimeufundisha miaka ishirini
na huu sikuwahi kukutana nao:
huu hauna mlango wa kutokea.

Saa ya Mwalimu ikalia.
"Mshauri, umesikia nini?
Rudisha maneno kama yalivyowekwa. Usiyapambe."

Nilitaka kusema: nimesikia uchungu, nimesikia upweke,
yale maneno ya kwenye kijitabu, ukurasa wa kumi na nne.
Kilichotoka ni:
"Ulileta visheti."

Darasa likacheka, likidhani nimekosea.

Athman akaivua leso, akaikunja mara mbili,
akaikunja tena, ikawa ndogo kama barua.
"Iliki ilizidi," akasema, bila kuniangalia.
"Mwanaheri mwenyewe alisema iliki ilizidi."

Mwari wangu wa thelathini na tisa.
Nilivila siku tatu visheti vile,
na kweli, iliki ilizidi.

Jioni tunajaza daftari la mazoezi.
Safu ya kwanza: tarehe. Ya pili: jina la mteja,
na hapo, alisema Mwalimu, jina la kweli haliandikwi.
Ya tatu: muda uliosikiliza.
Wenzangu wanaandika saa moja, saa moja na nusu,
maana cheti kinataka saa mia.

Mimi niliandika: dakika tatu.
Nikahesabu tena miaka yote ile, wari wote wale,
nikaiacha ilivyo.
Kisha nikauliza, kwa yeyote anayejua,
Mwanaheri siku hizi anakaa mtaa gani.